Salamu Chini ya Tuta

Jumamosi, 2 Agosti 2025

 Naandika ili nitulie.

Kashindye yuko hospitali. Lukman ndiye aliyemgonga. Na babu yake Kashindye, Mzee Machibya, alikuwa amesimama pale pale mbele yao.

Niende polepole. Asubuhi ilikuwa nzuri. Ghala letu lilijaa — naliita letu, kumbe ni sakafu tu ya ghala la zamani la pamba hapa Igogo, mabati yalishaibwa. Watoto ninaowafundisha kuruka walikuwepo: wenye rola, vile viatu vya magurudumu, na wenye mbao za magurudumu. Josephat, fundi wetu wa kuchomelea, alikuwa juu ya tuta kubwa, pembeni. Kazi yake pale ni kutazama tu. Tuta lile limempita mtu urefu, na anayekuja kwa kasi kutoka jukwaani, pale pa kuanzia, haoni ng'ambo. Ndiyo maana lazima mmoja asimame juu, aone pande zote mbili, anyanyue mkono: njia nyeupe, njoo. Mkono usiponyanyuka, hakuna kuruka. Na ukishatua, toka! Pa kutua si pa kupumzikia. Sheria hizi nilizitoa kwenye video za watu wanaoruka matuta ya theluji huko kwao. Theluji mimi sijaiona zaidi ya ile ya kwenye friza, lakini mfupa ni mfupa.

Alasiri Kashindye akaruka na rola zake. Akatua vizuri, nikampigia makofi. Akawa anateleza kutoka. Josephat akanyanyua mkono. Lukman kule jukwaani akaita, "Nashuka!" na akaanza kuja. Kila kitu kama tulivyofundishana.

Ndipo mzee akaingia kwa mlango wa chini. Alikuwa amefika kutoka Sengerema kuwaona wajukuu, nyumbani wakamwambia Kashindye yuko ghalani. Kashindye akamwona. Na huyu mtoto amelelewa. Binti wa Kisukuma hamsalimii babu yake akiwa wima, sembuse juu ya magurudumu. Akageuka, akarudi kumwelekea, akapiga magoti. Chini ya tuta. Katikati ya pa kutua.

"Mwadila, guku." Shikamoo, babu.

Josephat akapiga kelele: toka! Mimi nikapiga kelele. Alitusikia, niliona bega lake likishtuka. Lakini nani ananyanyuka kabla mzee hajaitikia? Na mzee hakuitikia. Aliinua uso kutazama ni nani huyo anayemfokea mtoto anayesalimia.

Lukman alikuwa ameshapaa.

Jumapili, 3 Agosti

Hospitali tangu alfajiri. Hellen, mama yake Kashindye, hajalala. Kanga yake ina damu iliyokauka. Nilimwambia aende nyumbani akabadilishe, wala hakunisikia.

Kofia ngumu ilipasuka badala ya kichwa. La kushukuru ni hilo moja. Magurudumu yalimpiga mgongoni, chini ya shingo. Daktari, kijana mpole, alitueleza mara mbili: uti wa mgongo umevimba. Uvimbe ukishuka, huenda miguu ikaamka. Huenda. Nimelichukia neno hili leo.

Kashindye anatazama dari. Dawa zimemlewesha, hasemi kitu.

Baba yake, Masele, yuko machimboni Geita. Alipiga simu. Akaongea na mzee muda mrefu, na mkewe kidogo. Mzee amekaa kwenye benchi la nje, fimbo katikati ya magoti, suti yake ya kuja mjini imejaa vumbi. Nikamwendea. Shikamoo baba. Marahaba. Basi. Nilitaka kumpa pole, lakini macho yale hayakuwa ya mtu anayetaka pole. Yalikuwa yanatafuta mkosaji.

Akapatikana. Lukman alikuja na mama yake, Maulida. Kijana hajaoga tangu jana, kifundo cha mkono kimevimba kwa kuanguka, amebeba machungwa kwenye mfuko. Mzee akasimama. Akasema kwa sauti ndogo kabisa kwamba huyu asimkaribie mjukuu wake. Maulida akamshika mwanawe wakaondoka. Machungwa yamebaki kwenye benchi, hakuna aliyeyagusa.

Jumanne, 5 Agosti

Polisi wamemchukua Lukman. Jana jioni, akiwa anakula.

Meza zetu mimi na Maulida zinagusana pale sokoni. Mimi viatu vya mitumba, yeye mashuka. Leo kaja, kafungua balo lake la mashuka, hakupanga hata shuka moja. Alikalia balo. Wateja wanauliza bei, anawatazama tu. Nimeuza vyangu na vyake siku nzima.

Nimekwenda kituoni kutoa maelezo. Nimeambiwa alichosema mzee: kijana alimwona mjukuu wangu amepiga magoti, na bado akamrukia.

Alimwona! Neno hilo moja ndilo linalommaliza mtoto wa mwenzangu. Kama hakumwona, ni ajali. Kama alimwona akaruka, hiyo ni kesi nyingine kabisa, askari alivyonieleza. Nikamwambia kutoka jukwaani hakuna binadamu anayeona ng'ambo ya tuta. Akaniuliza mama, wewe ulikuwa umesimama wapi? Pembeni. Na mzee? Mbele yao. Akaandika.

Josephat naye ameeleza. Lakini Josephat ndiye aliyenyanyua mkono. Kila anachosema kinasikika kama anajitetea, na yeye anajua, kwa hiyo anasema kwa woga, na woga unamfanya aonekane mwongo. Kijana mzima, fundi, ametoka pale anafuta uso kwa kofia.

Ghala nimelifunga kwa kufuli. Mtaani sasa eti kila mtu alijua toka zamani. Mchezo wa kizungu. Magurudumu si miguu. Eti hata mimi walinionya. Hakuna aliyenionya! Walikuwa wanakuja Jumamosi na watoto mgongoni kutazama bure.

Alhamisi, 7 Agosti

Mahakamani. Hata hatukukaa sana. Wadhamini hawakutimiza vigezo, Lukman amerudishwa rumande mpaka Alhamisi ijayo. Siku hiyo mzee ameitwa. Maelezo yake yakibaki yalivyo, shtaka linapanda.

Walipokuwa wanamtoa nikasogea. Hakuuliza habari za kesi. Alisema, "Dada Mwaija, Kashi anatembea?"

Nikamwambia anaendelea vizuri. Nilishindwa kumwambia kweli.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzetu wako kwenye maonesho, sisi kikao. Sebuleni kwa Hellen. Mwenyekiti wa mtaa alisema tuyaongee kindugu kabla mahakama haijayaongea. Mzee kwenye kochi. Maulida na mimi kwenye viti vya plastiki. Hellen chini kwenye mkeka, karibu na mlango wa jikoni, uso kaupeleka pembeni. Mkwe hamkodolei macho baba mkwe wake.

Maulida aliomba radhi. Aliomba vizuri, bila kujikausha, bila kujiliza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema hana ugomvi na mama. Ugomvi wake ni na malezi.

Kisha akaeleza alivyoona yeye, na hapo ndipo niliposhikwa na baridi. Maana mzee hasemi uongo. Anasema aliposikia watu wakimfokea mtoto, aliinua uso, na kijana akatokea juu ya tuta, na macho yao yakakutana. Ni kweli. Yalikutana! Lukman mwenyewe aliniambia hivyo hivyo siku ile, analia: nilimwona babu, nikamwona Kashi, nikiwa juu. Juu. Hewani. Miguu haigusi kitu.

"Mtu akisalimiwa, kila kitu kinasimama," mzee alisema. "Hata ng'ombe wanangoja. Kwenu ninyi hakuna kinachosimama?"

"Kinasimama, baba. Lakini aliye hewani hana pa kukanyaga ili asimame," nikamjibu.

Basi asingepaa, akasema. Nikaeleza habari za jukwaa, tuta, mkono wa Josephat. Nikasema na sisi pale tuna adabu zetu, tena kali. Nikajua nimeharibu kabla sijafunga mdomo. Akauliza ni adabu gani hiyo inayomkataza mtoto kumsalimia babu yake.

 Watoto hawa nimewafundisha kila kitu. Waanze na tuta dogo. Wazunguke kwa miguu waangalie kabla ya kuruka. Wasikatizane. Anayeanguka ajiburute pembeni hata kama analia. Sikuwahi kuwaambia: mkubwa wako akiingia, kwanza ondoka njiani, halafu msalimie. Nani angewaza hilo! Na ningelisema, wazazi wangeniuliza nawafundisha nini watoto wao. Inaniuma, inaniuma sana, kwa sababu aliyeumia ni yule mwenye adabu. Wale watundu wangu wasiosalimia mtu wako mtaani wanakimbia.

Kikao kiliisha kwa soda. Mwenyekiti akasema tuendelee kuombeana.

Jumapili, 10 Agosti

Kashindye ameongea!

Aliomba maji. Akauliza kama simu yake ilivunjika. Hellen akacheka, kisha akalia, kisha akawa hajui afanye lipi. Miguu bado. Daktari alipitisha kitu chenye ncha kwenye nyayo zake, na Kashindye akawa anaendelea kuniambia habari za mtihani, wala hakujua kama kuna mtu miguuni. Nikatazama ukutani.

Hellen alipomsindikiza daktari, mtoto akanivuta kanga.

"Dada, babu aliitikia?"

Sikuelewa. Akasema hakumbuki kitu baada ya mwadila. Alitusikia tukimwita. Alijua mtu anakuja, alijua! Alikuwa anangoja neno moja tu la babu anyanyuke. Sasa anaogopa babu amekasirika naye, ndiyo maana anaishia benchi la nje, haji kitandani.

Nikamwambia aliitikia. Nimekuwa mwongo mzuri wiki hii.

Hellen alinishika korido. Alinong'ona ingawa hapakuwa na mtu. Anajua Lukman hakukusudia. Amekuja Jumamosi nyingi kutazama, hata yeye anajua kwamba ng'ambo haionekani. Lakini mdomo wake haufunguki mbele ya baba mkwe, na Masele kila akipigiwa anasema baba akishasema amesema. Nikamwambia basi wewe utabaki na hilo moyoni, na mtoto wa mwenzako atabaki ndani. Nilikuwa mkali. Nimejuta njia nzima.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kwa Hellen mchana. Mzee alikuwa amemaliza ugali. Nilimsalimia kwa goti, mimi Mwaija, mtoto wa mjini ninayejulikana kwa kiburi. Sikutaja msamaha, sikutaja Lukman. Nilimwomba jambo moja: aje ghalani, asimame alipoanzia yule kijana, atembee njia yake mpaka mwisho. Atazame mwenyewe.

Akasema aliona alichoona. Nikasema hilo nalikubali. Akasema kwa umri wake apande matuta ya watoto, watu wamcheke? Nikasema nitafunga mlango. Akasema hapana. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka. Nikaanza kutafuta ndala zangu niage.

Hellen akatoka jikoni. Hakumtazama mtu. Akachukua viatu vya mzee vilivyokuwa karibu na kochi, akavifuta kwa upindo wa kanga, akaenda kuvipanga mlangoni, pua zikitazama nje. Akarudi jikoni.

Mimi ni Mswahili wa Igogo, mila zao nazijua nusu nusu. Lakini ile nusu ilitosha. Mkwe haonyeshi baba mkwe mlango!

Mzee alivitazama viatu. Jikoni hakuna hata sufuria iliyolia. Nilidhani ataita jina la mwanawe, au atabeba begi lake arudi Sengerema leo leo.

"Jumatano," akasema. "Jua likipungua."

Jumanne, 12 Agosti

Nimefagia ghala na Josephat. Saruji imenywa damu, haitoki. Josephat amemwaga mchanga juu yake, kisha akauzoa tena. Anasema mzee asije akadhani tunaficha kitu.

Uvimbe umeshuka kidogo, wanasema. Miguu iko kimya.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika hapa hapa ghalani, nimekaa kwenye gunia. Mzee bado yuko juu ya tuta.

Alikuja kweli. Suti ile ile, imefuliwa. Hellen amekuja nyuma yake, mbali kidogo, amesimama nje ya mlango, hataki kuingia. Mzee akaniuliza mjukuu wake alipiga magoti wapi. Nikamwonyesha. Akatazama doa, akatazama tuta linavyopanda mbele yake kama ukuta wa nyumba. Akauliza kijana alianzia wapi. Josephat akamwongoza kwa kuzunguka nje, mpaka jukwaani.

Nikaona mahali pale pakiwa patupu hatatuelewa. Nikapiga magoti. Saruji ina joto la mchana kutwa. Kutoka pale chini huoni kitu: tuta, na juu yake mbingu. Mtu wa jukwaani hayupo duniani. Nimesimamia watoto hapa miaka yote hii na sijawahi kuwa chini kiasi kile. Niliogopa. Niseme tu, niliogopa, na hakuna aliyekuwa anakuja ila mzee mwenye fimbo.

"Mwaija," akaita. "Umeshapiga magoti?"

"Nimepiga, baba."

 Kisha nikasikia fimbo. Anakuja. Anatembea njia ya Lukman, taratibu, Josephat pembeni yake.

"Uko pale pale?"

"Niko pale pale."

Sauti yake ilikuwa karibu zaidi. Akasimama. Nikamsikia akimuuliza Josephat kitu, na Josephat akijibu hapana, bado, hata hapa bado. Wakaendelea. Sasa anapanda. Anapumua kwa shida, nasikia viatu vinavyokwaruza saruji, namsikia hata anavyomeza mate. Angekuwa nyuma ya mlango wangu nisingemsikia vizuri zaidi. Na bado simwoni. Na yeye bado hanioni.

"Mwaija."

"Abee, baba."

Kofia ikatokea. Kisha paji. Kisha macho, na macho yakaniangukia mimi, chini ya miguu yake kabisa. Tukatazamana. Sijui alikuwa anamwona nani. 

"Nyanyuka," akasema. Halafu akapaza sauti, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, mpaka Hellen akaingia mbio kule mlangoni. "Nyanyuka, mwanangu! Nyanyuka upesi!"

Nikanyanyuka. Nikatoka pale kwa kukimbia, eti, kama kweli kuna kitu kinakuja.

Yeye akakaa. Hapo hapo ukingoni, na suti yake. Fimbo ilimponyoka ikaviringika mpaka chini, Hellen akaiokota, ameishika kwa mikono miwili.   Josephat amechuchumaa karibu naye asije akaanguka. Nilimuuliza kama tumshushe, akatikisa kichwa.

Maulida anapiga simu. Hii ni mara ya ngapi sijui. Anataka kujua kesho mzee atasema nini, na mimi nimeiweka simu chini ya gunia kwa sababu sijui. Mzee anatazama pale kwenye doa. Midomo yake inachezacheza, kama mtu anayejaribu kuitikia salamu ya Jumamosi ile na hajui aanzie wapi.